Majina Mawili kwenye Mwamba

Leo nataka tuzungumze juu ya kumbukumbu ya aina ambayo wengi wetu hatujaizoea. Mpanda milima amefariki mlimani, na wenzake, badala ya kumjengea mnara au kumchongea kibao, wanatafuta mwamba ambao haujapandwa na mtu. Wanaufungulia njia kwa mikono yao, kisha njia ile wanaipa jina la marehemu.

Mfano unaojulikana kuliko yote ulitokea Uswisi, Machi 1966, kwenye mlima wa Eiger. Kwa kimo Eiger si mkubwa: una mita 3,967, na Mlima Kenya wetu unaupita kwa zaidi ya mita elfu moja na mia mbili. Lakini upande wake wa kaskazini ni ukuta mmoja wa mawe na barafu, takriban mita 1,800 kutoka malishoni hadi kileleni. Chini yake, mahali paitwapo Kleine Scheidegg, pana hoteli, na wageni wa hoteli hiyo huketi barazani wakiwatazama kwa darubini watu walioning'inia ukutani. Ukuta huo ulishindwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938, na Wajerumani wawili na Waaustria wawili, kwa njia inayozunguka huku na huku ikitafuta pa kupitia. Ilipofika miaka ya sitini, wapandaji wa Ulaya wakawa na hamu nyingine: kupanda wima, moja kwa moja, bila kuukwepa ukuta.

Mtu aliyeibeba hamu hiyo kwa miaka ni Mmarekani John Harlin. Alikuwa rubani katika jeshi la anga la nchi yake, kisha akahamia Leysin, Uswisi, akaanzisha shule ya kufundisha upandaji milima. Kwa kazi ya Eiger alikuwa na Dougal Haston kutoka Uskoti, na Layton Kor, fundi mwashi kutoka Colorado, ambaye mikono yake ilijua jiwe kazini na mapumzikoni. Mwingereza Chris Bonington alikuwa mpiga picha wao. Walichagua majira ya baridi kwa sababu baridi kali huyagandisha mawe mahali pake yasiwaporomokee vichwani. Lakini hawakuwa peke yao. Wajerumani wanane walikuwa wamefika na lengo lile lile, na timu mbili zikaanza kupanda sambamba, kila moja ikimtazama mwenzake kwa jicho la wivu.

Kazi ilikwenda kwa majuma. Kila walipopata sehemu mpya walifunga kamba, ili waweze kushuka kupumzika na kurudi juu kwa kuikwea kamba ile ile. Kamba hizo zilikuwa na unene wa milimita 7 tu. Zilipigwa na upepo usiku na mchana, zikasuguana na kingo za mawe, na kila aliyepita alizidi kuzichosha. Tarehe 22 Machi Haston alikuwa ametangulia juu. Harlin akamfuata. Kule hotelini mwandishi wa habari wa Kiingereza, Peter Gillman, alikuwa ameweka jicho kwenye darubini akiwatafuta, mara akaona mtu mwenye nguo nyekundu akiporomoka hewani. Kamba ilikuwa imekatika. Harlin alianguka zaidi ya mita elfu moja. Alikuwa na umri wa miaka 30, ana mke na watoto wawili.

Sasa, msikilizaji, tuangalie hali ilivyokuwa saa ile. Kamba imekatika, kwa hiyo walio chini hawawezi tena kupanda. Walio juu ya mahali ilipokatikia ni watu watano: Haston, na Wajerumani wanne, Jörg Lehne, Günther Strobel, Roland Votteler na Siegfried Hupfauer. Haston ndiye pekee aliyebaki juu kutoka timu ya marehemu, na wale wanne, majuma machache nyuma, walikuwa wapinzani wake. Wangeweza kushuka, na hakuna ambaye angewalaumu. Wakaamua kuimaliza njia, na kuimaliza kama njia ya Harlin. Tarehe 25 Machi wakafika kileleni, dhoruba ya theluji ikiwapiga usoni, vidole vimekufa ganzi. Baadhi yao walikatwa vidole vya miguu baadaye.

Katika dunia ya wapanda milima ipo desturi moja inayoheshimiwa kuliko sheria nyingi: anayepanda njia kwanza ndiye mwenye haki ya kuipa jina. Wajerumani wale wanne walikuwa na haki hiyo kamili. Walikuwa na jasho lao pale, na wengine waliacha viungo vyao. Wangeweza kudai jina la timu yao, la mji wao, hata la mmoja wao. Wakakubali njia iitwe kwa jina la mtu waliyekuwa wakishindana naye, na mpaka leo vitabu vya wapandaji vinaiandika hivyo, Njia ya John Harlin. Mimi naona tendo hilo ni kubwa kuliko kupanda kwenyewe. Marafiki kukumbuka rafiki yao ni jambo la kawaida. Wapinzani kumwachia marehemu kitu ambacho wangeweza kukichukua wao ni jambo ambalo sijaliona mara nyingi, si milimani tu, hata huku mabondeni kwetu.

Haston alishika uongozi wa ile shule ya Leysin, na mwaka 1975 akafika kilele cha Everest kwa kupitia ukuta wa kusini-magharibi, akiwa na Doug Scott. Naye akafa Januari 1977, kwa maporomoko ya theluji, akiteleza kwa ski juu ya mji ule ule wa Leysin. Mtoto wa Harlin, aitwaye John kama baba yake, alikuwa na umri wa miaka tisa siku ile kamba ilipokatika. Mwaka 2005 alikwenda Eiger, akaupanda ukuta wa kaskazini kwa njia ya zamani, ile ya mwaka 1938, na sehemu ya safari yake ikaingia kwenye filamu ya milima ya Alps. Hakulazimika kupita kwenye njia yenye jina la baba yake ili amheshimu. Nalitaja hilo kwa sababu wapo wanaodhani njia ya kumbukumbu ni deni kwa familia ya marehemu. Si deni kwa mtu yeyote. Anayetaka ataipanda, asiyetaka ataitazama kutoka chini, na wote wawili wamefanya jambo la haki.

Turudi nyumbani. Mlima Kenya umejaa majina ya watu, na majina hayo yana historia inayouma. Halford Mackinder alipofika kileleni mwaka 1899, akiwa na Waitalia wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, kilele kikuu alikiita Batian, kwa jina la Mbatian, laibon mkuu, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wamaasai aliyefariki miaka kadhaa kabla. Nelion na Lenana ni majina ya jamaa zake Mbatian. Mtu atasema hiyo ni heshima kwa marehemu, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini mlima huo ulikuwa na wenyewe na majina yake, Wakikuyu wanauita Kirinyaga, na hawakuulizwa. Na msafara wa Mackinder ulibebwa na wapagazi Waswahili zaidi ya sitini pamoja na Wakikuyu wengi zaidi. Waswahili wawili waliuawa walipokwenda kutafuta chakula cha msafara. Bonde moja la mlima limepewa jina la Hausburg, Mzungu aliyefuatana na Mackinder. Hao Waswahili wawili, waliokufa kwa ajili ya matumbo ya msafara mzima, hawakupata hata kijito.

Ndiyo maana mimi natofautisha sana kilele na njia. Kukipa kilele jina ni kuchukua kitu kilichokuwa cha watu na pengine kufuta jina lililotangulia. Njia ni kitu kingine. Kabla ya wapandaji kuifungua haikuwapo, hapakuwa na jina la kufutwa, na anayeiita njia jina la rafiki yake hajamnyang'anya mzee wa kijiji chochote kile. Kama tunataka kuandika majina ya watu milimani, basi tuyaandike kwenye njia.

Mfano tunao tayari. Upande wa kaskazini wa Batian, wapandaji hupita penye nguzo ya mwamba iitwayo Mnara wa Firmin. Arthur Firmin aliishi Kenya, na mwaka 1944 yeye na mwenzake Hicks walifungua njia inayopita hapo, ambayo mpaka leo ndiyo njia ya kawaida ya kufikia Batian wakati upande wa kaskazini umekauka, kati ya Juni na Oktoba. Mwaka 1955 Firmin akafa huko Nepal, katika milima ya Himalaya. Mtu wa Kenya, amefia Nepal, na jina lake linatajwa kila msimu na watu ambao hawakumwona kamwe, kwa sababu tu wanalazimika kusema, "Tumefika mnarani kwa Firmin, bado pagumu kidogo."

Hapo nadhani wengi wenu mmekwisha kujua ninakoelekea. Mei 2024, Mkenya mwingine alifia Nepal. Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki, mwenye umri wa miaka 40, alikuwa akijaribu kufika kilele cha Everest bila kutumia oksijeni ya mitungi. Tarehe 22 Mei mawasiliano yakakatika. Mwili wake ukaonekana karibu kabisa na kilele. Aliyekuwa naye, Nawang Sherpa, mwongozaji wake, hakuonekana. Familia ya Kirui ikatangaza kwamba mwili ubaki huko huko, kwa sababu haikutaka maisha ya watu wengine yahatarishwe katika kumteremsha.

Mimi nakumbuka uzito wa tangazo lile. Sisi ni watu wa kuzika. Mtu akifia Doha, akifia Texas, tunachanga, tunakesha, tunapiga simu kwa ubalozi, mpaka mwili ufike, uoshwe, uzikwe mahali watoto watakapoweza kuoneshwa. Kusema kwamba ndugu yetu abaki juu kule, tusimtume kijana wa mama mwingine akamfuate, kunahitaji moyo mkubwa. Lakini maana yake ni kwamba hakuna kaburi. Marafiki waliopanda naye Mlima Kenya, wakila ugali baridi pamoja kambini, hawana pa kwenda siku ya kumkumbuka.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili, na nalisema kwa wapandaji wa Kenya, kwa chama chao na kwa vijana wanaojifunza siku hizi kwenye kuta za ndani jijini Nairobi: mfungulieni njia. Na njia hiyo iwe na majina mawili, Kirui na Nawang. Nawang alikuwa kazini siku ile. Mteja wake alikuwa amechagua kupanda katika hali ngumu kuliko wengine, naye akapanda pamoja naye, wala hakurudi. Tukimkumbuka mmoja na kumsahau wa pili tutakuwa tumerudia kitendo cha mwaka 1899, safari hii kwa mikono yetu wenyewe.

Lakini ifanywe kwa utulivu, na hapa naomba mnivumilie niingie katika ufundi kidogo, maana ndimo mambo yanamoharibika. Mtu mwenye majonzi ana haraka. Anataka njia imalizike kabla ya hitima, kabla ya mwaka kugeuka. Mwamba hauna habari na haraka hiyo. Kwanza hutazamwa, tena kwa siku nyingi, asubuhi na jioni, ili ionekane maji hupita wapi mvua ikinyesha na jua hupiga wapi. Hutazamwa pia kama kuna viota. Kule Hell's Gate, karibu na Naivasha, tumbusi hutaga kwenye magenge, na ndege huyo amekuwa adimu. Njia yoyote ya kumbukumbu inayomfukuza tumbusi kwenye kiota chake haina baraka. Na ile ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo ruhusa huombwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla ya mtu kutoa nyundo begini.

Baada ya hapo mtu hufunga kamba juu na kushuka polepole akiusafisha mwamba. Huuondolea majani, udongo, na mawe yaliyolegea, huku mwenzake akizuia watu wasipite chini. Kila penye shaka hugongwa kwa nyundo. Jiwe zima hulia kwa sauti kali, ya juu, na nyundo huruka mkononi. Jiwe lililooza ndani hutoa sauti nzito, ya utupu, na mkono husikia tofauti kabla ya sikio. Hapo hapatiwi bolti, yaani chuma cha kushikia kamba ukutani, hata kama ndipo panapofaa kwa uzuri wa njia. Panapokubalika hutobolewa shimo kwa drili ya betri, kisha shimo hupigwa brashi na kupulizwa kwa mrija, hupigwa brashi tena na kupulizwa tena, mpaka lisitoe vumbi. Watu wengi huchoka hapo. Wanaona vumbi kidogo si kitu. Vumbi hilo hilo ndilo linaloifanya bolti isishike ukuta, na atakayeanguka juu yake miaka kumi ijayo hatajua kwamba fundi alikuwa na haraka. Bolti zenyewe ziwe za chuma kisichoshika kutu. Ukifanya kazi hiyo kwenye majabali ya baharini, hata chuma hicho huliwa na chumvi, na mafundi hutumia titani, ambayo ni ghali.

Ipo hoja kwamba njia ya kumbukumbu iwe ngumu kupindukia, kwa kuwa marehemu alikuwa shujaa. Siikubali. Njia ngumu kupindukia itapandwa na watu wachache kwa mwaka, nao watakuwa wanajipima wenyewe. Iwekeni Lukenya, karibu na Athi River, ambako wapandaji wa Nairobi wamejifunzia kwa vizazi, au Hell's Gate kama ruhusa itapatikana. Iwe njia ambayo msichana wa kidato cha nne, aliyefundishwa vizuri, akishikiwa kamba na mtu makini, atafika mwisho wake kwa kuhema na magoti kutetemeka. Huyo ndiye atakayeshuka akiuliza, "Kirui alikuwa nani? Na Nawang?" Atajibiwa pale pale, miguuni pa mwamba, na mtu aliyepanda nao au aliyesimuliwa na waliopanda nao.

Kuna desturi ya Wakalenjin ninayoipenda. Mtoto anapozaliwa, kina mama humtajia majina ya wazee waliofariki, moja baada ya jingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina lililotajwa wakati huo ndilo lake. Jina halilazimishwi. Linasubiri kuitikiwa. Ndivyo ningependa iwe na mwamba huu pia. Wapandaji wasiende na jina kwenye kibao tayari, halafu watafute jiwe lolote la kulibandika. Watafute njia nzuri kwanza, wapande na kushuka, wakosane kidogo juu ya mahali pa bolti ya tatu, na siku watakapoona kwamba wanajikuta wakiitaja kwa majina ya wale wawili bila kupanga, basi imepata jina.

Kibao kisiwekwe kabisa, kwa maoni yangu. Jina la njia hukaa katika kitabu cha njia na katika midomo ya wapandaji, kama lile la Harlin. Ukuta wenyewe ubaki kama ulivyokuwa, isipokuwa bolti.

Gharama si kikwazo kikubwa. Njia fupi ya mita 25 haihitaji bolti nyingi, na wapandaji wakichanga hawawezi kushindwa kununua vyuma hivyo. Ninachoogopa zaidi ni kuahirisha. James Kagambi, Mkenya wa kwanza kufika kilele cha Everest, alifika akiwa na umri wa miaka 62, mwaka 2022, baada ya miongo ya kuwafundisha wengine mlimani. Watu wa rika lake ndio wanaojua kusoma mwamba kwa nyundo, na vijana wenye drili mpya wanawahitaji sasa, wakiwa bado na nguvu za kusimama chini na kusema, hapana, toa hiyo, toboa tena.

Na njia ikishakamilika iandikwe katika kitabu cha wapandaji kwa Kiswahili, pamoja na Kiingereza. Majina yatangulie, la Kirui na la Nawang, na miaka yao. Halafu yafuate mambo ambayo mpandaji mgeni anayahitaji: urefu wa njia, idadi ya bolti, kamba ya mita ngapi, miezi ambayo tumbusi wana makinda na njia hufungwa, na mahali pa kuteremkia.